Faili la Maamkizi

Mkuu wetu wa chumba cha kuchorea alikuwa na majivuno, na sitaki mtu aje kunisahihisha kwa adabu kwamba yale yalikuwa kujiamini. Yalikuwa majivuno. Akimaliza mchoro alirudi nyuma mpaka dirishani, akauegemea ukuta, akautazama mchoro kwa muda, kisha akasema kwa sauti ya kusikika hadi masijala, "Jamani, huyu mama anajua!" Huyo mama ni yeye mwenyewe. Hakungoja kusifiwa, maana alisema watu wana shughuli zao, wanaweza kusahau.

Kwao ni wapi na kazaliwa na nani, hayo waulize wanaopenda koo. Mimi nilimkuta akiwa tayari ni mkuu wa wachoraji katika ofisi moja ya serikali pale Dodoma, ofisi iliyokuwa ikichora majengo ya umma: madarasa, zahanati, masoko, nyumba za watumishi. Tulikuwa watu sita pamoja naye. Sote tulimwita Mkuu, na hata mkurugenzi, aliyekuwa juu yake kwa cheo, akijisahau alimwita hivyo hivyo kisha akakohoa.

Alikuwa na sheria nyingi, na zote zilihusu mwanzo wa kazi. Jinsi utakavyomaliza hakujali sana. Alisema mtu aliyeanza vizuri hata akisinzia katikati mkono wake utafika. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla hujagusa karatasi, alipita meza moja hadi nyingine. Aliangalia kalamu yako ya wino ni ya unene gani, skeli uliyoandika ni ipi, herufi zako zina urefu gani, na kama umefuta vumbi lililoingia usiku kwa upepo wetu wa Dodoma usiojua kubisha hodi. Ukiwa tofauti na mwenzako hata kwa unywele, alikurudisha.

"Kila mtu akianza vyake atamaliza vyake," alikuwa akisema. "Na nyumba si yako wala yangu. Ni ya mgonjwa atakayelala humo."

Siku moja nilikwenda kwake Ihumwa kumpelekea dawa alipokuwa na homa, nikadhani nitakuta nyumba iliyopigiwa rula. Thubutu! Kuku alikuwa amelala juu ya kiti cha wageni na hakuna aliyemwambia kitu. Sukari ilikuwa kwenye kopo lililoandikwa chumvi, na chumvi sikuiona kabisa. Nilipomtazama kwa mshangao alijifunika khanga mpaka kidevuni, akaniambia, "Sheria zote nimeziacha ofisini. Nazo zinahitaji kupumzika."

Alikuwa hivyo katika mambo mengi. Alipigania Kiswahili kazini mpaka wahandisi wakamkimbia, lakini akikasirika alisema Kiingereza. Si kirefu, maneno mawili tu: "You people!" Ukiyasikia hayo, ujue umechora mlango unaofungukia ndani ya kabati. Halafu alikuwa mkali kwa wote isipokuwa mtu mmoja, na huyo mmoja ndiye aliyestahili ukali kuliko sisi sote, kwa sababu alikuwa mbishi.

Huyo tulimwita Mzee wa Wino. Alikuwa Mgogo wa huko huko, mtu mzima aliyempita Mkuu kwa umri, na mkono wake sijauona tena kwa mtu mwingine. Alivuta mstari wa wino kutoka ncha hadi ncha ya karatasi bila kuongezea pumzi. Akikosea, jambo lililotokea kwa nadra, alikwangua wino kwa wembe taratibu, akaisugua karatasi kwa ukucha, na hukuona kovu. Kila asubuhi Mkuu akiingia, kabla ya ukaguzi wake na kabla ya kuweka mkoba chini, alikwenda kwenye meza ya Mzee na kuinama kidogo.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, Mkuu. Umeamkaje?"

Hapo ndipo siku ilipoanza. Alikuwa bosi wake, akimwandikia ripoti na kumsainia likizo, lakini salamu hiyo hakuiruka hata siku alizokuja amenuna. Nilipokuwa mgeni, nimetoka Kondoa na cheti changu kipya, niliona ni unyenyekevu mno. Baadaye nilielewa kwamba kwake ile nayo ilikuwa sheria ya mwanzo, kama unene wa kalamu.

Kisha zikaja zile zama za ruksa. Masoko yalijaa mitumba na redio za kila namna, maduka ya mjini yakauza vitu ambavyo zamani tuliviona kwa wageni tu, na ofisini kwetu, kwa njia ya mradi mmoja, zikaingia kompyuta. Wenye mradi walitaka michoro kwenye disketi, si kwenye karatasi iliyokunjwa. Mkuu alizipokea zile mashine kama mtu anavyopokea wakwe asiowapenda. Alizifumia vitambaa vya kuzifunika, vyeupe, vyenye maua pembeni, lakini alizisema vibaya mchana kutwa. "Televisheni isiyo na taarifa ya habari," alisema. "Inafaa nini?"

Alipelekwa Dar es Salaam kusoma ile programu ya kuchorea, akarudi amebadilika. Sasa aliizungumzia kama mtoto wa jirani mwenye akili nyingi na malezi mabovu. Alitukalisha na kutufundisha: mstari unavutwaje, duara linapigwaje, leya ni nini. Leya alituambia ni kama zile karatasi zetu zinazopitisha mwanga, kuta kwenye karatasi yake, maji kwenye yake, umeme kwenye yake, kila moja imelala juu ya mwenzake. Tukaelewa. Tatizo lilikuwa jingine.

Programu ile ilisahau. Ukiifungua asubuhi inakujia tupu, haijui unataka milimita au mita, haijui leya zako, wala herufi zako ni za urefu gani. Lazima uiambie yote upya. Na umeme wa Dodoma wakati ule mnaujua ninyi mliokuwepo. Unakatika, unarudi, unakatika tena kabla chai haijapoa. Kila ukirudi, unafungua programu, na programu haikujui. Mtu aliyefundishwa asubuhi anakuuliza jina lako mchana. Basi kila mmoja wetu aliipangia vyake haraka haraka ili arudie kazi, na ndipo ikatokea zahanati.

Ilikuwa zahanati ya kijiji, tukaigawana karatasi kwa karatasi. Tulipokuja kuziunganisha, ukuta mnene wa mmoja ulikutana na ukuta mwembamba wa mwingine katikati ya korido. Mimi nilikuwa nimechora kwa milimita, mwenzangu kwa mita. Choo kikatoka kikubwa kuliko wodi. Kwa mujibu wa mchoro ule, kijiji kizima kingeweza kufanyia mkutano chooni na bado nafasi ikabaki. Mkuu alicheka mpaka akafuta machozi kwa upindo wa khanga. Halafu akaenda kukaa na kitabu kinene cha maelekezo kilichokuja na programu, na kwa muda mrefu hatukusikia hata "You people".

Siku aliyopata jibu aliingia chumbani bila mkoba, bila salamu, karibu tumshike tukidhani kuna msiba.

"Ana sikio!" akasema. "Mtoto ana sikio, jamani! Akiamka tu, linafunguka."

Alituonyesha. Kumbe programu ile, kabla haijakuruhusu kugusa chochote, hutafuta faili moja lenye jina maalumu. Ikilikuta, hulisoma mstari kwa mstari na kutii kila ilichoambiwa. Isipolikuta, inaendelea zake kama ilivyozaliwa. Sisi hatukuwa na faili hilo, ndiyo maana kila asubuhi tulipata mtoto asiyefunzwa.

"Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo," Mkuu akasema. "Ila huyu hakui. Huyu utamlea upya kila anapofumbua macho. Haya basi, tumwandikie malezi yake, ajisomee mwenyewe."

Akaandika. Alijifunza ile lugha ya mabano ambayo programu inaielewa, mabano yanafunguka na kufungika ndani ya mabano mengine, na ukisahau kufunga moja tu yote yanaharibika. Alisema ni kama kusuka ukili, ukiruka unyasi mmoja mkeka unakataa. Tukamwona mwanamke aliyetukana mashine amekaa mbele yake anatabasamu peke yake. Faili lake liliweka milimita. Likatandaza leya kwa majina yetu: KUTA, MILANGO, MAJI, UMEME, MITI. Likapanga urefu wa herufi na fremu ya ofisi inayozunguka kila mchoro. Ukaguzi wake wote wa kila asubuhi, meza kwa meza, ulikuwa sasa umo mle ndani, na ulifanyika kwenye kompyuta zote kabla mtu hajavuta kiti. Umeme ukikatika na kurudi, malezi yanarudi nao. Tukaacha kuogopa giza.

Lakini aliyoyafanya kwa ajili ya Mzee wa Wino ndiyo yaliyonifanya nianze kumpenda yule mama badala ya kumwogopa tu. Mzee alikuwa amekwama. Macho yalikuwa mazima, mkono ulikuwa mzima, ila amri za programu zilikuwa za Kiingereza na yeye Kiingereza alikisikia kwa mbali. Kiswahili chenyewe alikijifunzia ukubwani. Alikaa mbele ya kioo cha kompyuta akiangalia vidole vyake. Mkuu akaongeza mistari kwenye faili. Mzee akiandika UKUTA, mashine inachora ukuta wenye unene wetu. Akiandika MLANGO, mlango unakaa mahali pake na ukuta unakatika wenyewe. DIRISHA. NGAZI. PAA. Sisi vijana tulidhani ni mzaha, kisha tukagundua kwamba amri hizo ni fupi na haraka kuliko zile za kitabu, na wote tukazihamia.

Na juu kabisa ya yote, kwa sababu mwanzo kwake haukuwa mwanzo bila salamu, aliandika mstari unaoifanya mashine iamkie. Ukiifungua, chini kwenye nafasi ya kuandikia amri, linatokea neno: Shikamoo.

Tulibishana hapo kuliko tulivyobishana kuhusu milimita. Mwenzetu mmoja, binti mdogo kuliko sote, aliona aibu kuamkiwa shikamoo.

"Mkuu, mimi nani mpaka niamkiwe hivyo?"

"Na hiyo ina umri gani?" Mkuu akamjibu. "Haijaota hata meno. Itakuamkia wewe, itamwamkia mfagizi, itamwamkia mkurugenzi. Ikikua tutazungumza."

Mzee wa Wino hakubishana. Yeye aliitikia. Kila asubuhi alifunua kitambaa, akawasha, akangoja, na neno likitokea alisema kwa sauti yake nzito, "Marahaba," ndipo akashika kibodi. Baada ya muda Mkuu aliongeza kwenye mashine ya Mzee mstari wa pili, hakumwambia mtu. Asubuhi hiyo Mzee alisema marahaba yake, kisha akasogeza uso karibu na kioo. Chini ya shikamoo palikuwa pameandikwa: Mbukwa! Salamu ya kwao. Alipiga magoti yake kwa viganja vyote viwili akacheka, akaijibu mashine kwa Kigogo maneno marefu ambayo hakututafsiria. Mkuu alikuwa dirishani anajifanya anakagua pazia. "Huyu mama anajua," nikamsikia anasema, safari hii polepole.

Sasa lije lile lililokuwa likitunyima usingizi. Miaka ile neno lililotembea ofisini lilikuwa kupunguzwa. Ofisi hii imepunguza, wizara ile imepunguza, viwanda vinabinafsishwa, na kazi za kuchora, ilisemwa, zinaweza kufanywa na makampuni ya watu binafsi. Mkurugenzi akatuita, mtu mpole aliyechukia kutoa habari mbaya na kwa hiyo alizitoa vibaya. Alisema chumba chetu kitapimwa kwa kazi moja. Tutachora soko kwa kompyuta, na siku ya kulionyesha watakuja wageni kuona jinsi tunavyofanya kazi. Tukionekana hatuwezi, chumba kinafungwa, kazi inakwenda kwa kampuni.

"Na mkiweza," akaongeza akitazama kalamu yake, "bado siahidi kwamba mtabaki wote sita."

Hakuna aliyemtaja mtu. Lakini tulipotoka, macho yetu yote yalikwenda kwa Mzee wa Wino, kisha yakaona aibu yakaenda kwingine. Mzee alikuwa bado anasomesha watoto, na nje ya kuchora hakuwa na kazi nyingine aliyoijua.

Msimamizi wa mradi, kijana aliyetoka Dar, alikuja siku moja kabla ya wageni. Hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Alitusalimia mmoja mmoja, akamkabidhi Mkuu disketi yenye ramani ya kiwanja cha soko na fremu ya mradi, akasema vitumike kesho. Mkuu aliipokea kwa mikono miwili. Akanakili kila kilichokuwemo, chote, moja kwa moja kwenye folda ya soko.

Kesho yake walikuja mkurugenzi, msimamizi na wageni wengine, wakaketi nyuma yetu. Nilitegemea Mkuu atakaa mwenyewe kwenye mashine. Akamwita Mzee wa Wino. Mzee alivuta kiti, akafunua kitambaa, akafungua mchoro wa soko, akangoja. Tukangoja naye. Kioo kilikuwa kimya.

"Haijaniamkia," Mzee akasema.

Wageni walitazamana. Mkurugenzi akapangusa paji la uso. Mzee, kwa kuwa hakuwa na la kufanya, akaandika UKUTA. Mashine ikamjibu kwa Kiingereza kwamba amri hiyo haiijui. Akaandika tena, taratibu, herufi moja moja, akidhani amekosea. Jibu likawa lile lile. Nikauona ule mkono, ule mkono ambao sikuwahi kuuona ukitikisika juu ya wino, unatikisika juu ya kibodi. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mkuu alisogea, akainama begani kwa Mzee, akaiambia mashine imtajie mafaili yaliyomo kwenye folda ile. Akasoma. Kisha akasimama wima, akawageukia wageni.

"Kosa ni langu," akasema. Katika miaka yote sikuwahi kumsikia akisema hivyo, na alilisema kwa kichwa kilichoinuka, kama anajisifu. "Jana mgeni wetu alituletea mzigo. Sisi kwetu mgeni hapekuliwi mlangoni, unapokea mzigo unaweka ndani. Nikauweka wote bila kuuangalia. Kumbe ndani yake kulikuwa na faili lao la maamkizi, lenye jina lile lile kama la kwetu. Hii mashine hutafuta kwanza kwenye folda ya kazi, ikikosa ndipo iende nyumbani kwake. Imekuta la mgeni, ikatosheka. Mtoto ameamshwa na mtu mwingine, ndiyo maana anatuona wageni."

Msimamizi aliinuka. "Samahani sana, Mama. Basi lifute tu hilo la kwangu."

"Nifukuze mgeni mbele ya watu, baba?" Mkuu akasema. "Na humo ndani mna fremu yenu, tunaihitaji. Kaa, ukae."

Akamwomba Mzee ampishe kidogo. Akafungua lile faili la mgeni, akashuka mpaka chini kabisa, akaongeza mstari mmoja. Maana yake alitueleza wakati vidole vikiendelea: ukishamaliza yako, mwite mwenyeji. Mgeni ataanza kusema, hatakatizwa. Mwenyeji atasema mwisho, na la mwisho ndilo litakaloshika. Akafunga programu, akamrudishia Mzee kiti.

Mzee akafungua. Ikaja fremu ya mradi, zikaja leya zetu, na chini kabisa, Shikamoo.

"Marahaba," akasema Mzee wa Wino, na mtu mmoja kati ya wageni akaitikia naye bila kujua.

Baada ya hapo sikumwogopea tena. UKUTA, na ukuta ukaja. MLANGO, MLANGO, MLANGO, safu nzima ya vibanda vya soko ikasimama mbele ya wageni, na mkono ukatulia kama siku za wino. Msimamizi alisogeza kiti chake mpaka akawa ameketi ubavuni mwa Mzee, na kabla ya kuondoka aliomba afundishwe hizo amri. Mkuu alirudi dirishani. Mnajua alichosema. Alikisema kwa sauti, mbele ya wageni, na safari hiyo sote tulipiga makofi.

Chumba hakikufungwa. Tulisherehekea kwa soda, tukajipongeza, tukasahau ile sentensi ya pili ya mkurugenzi. Yeye hakuisahau. Alituita tena, akatangaza kwamba nafasi zitabaki tano, na nafasi iliyofutwa ni ya mkuu wa wachoraji. Sababu aliyotoa ni kwamba ukaguzi wa mwanzo wa kazi sasa unafanywa na mashine. Faili linatosha.

Nilikasirika mpaka nikasimama. Nikamwambia mkurugenzi kwamba huko ni kumkata mtu kwa panga alilolinoa mwenyewe. Alitazama kalamu yake akasema uamuzi umekwisha kupita. Mkuu alinivuta shati nikae. Hakulia, hakusema "You people". Alichukua kalamu zake za wino, akaviacha vitambaa vyake kwenye mashine, na akatuachia onyo la kwaheri: faili likiharibika tusimtafute, tusome. Kisha akaenda kwenye meza ya Mzee kumuaga, akainama kama kawaida.

Tulisoma. Nasema haya kwa kiburi, na kiburi hicho nimekirithi kwake: programu imebadilika mara nyingi, jina la faili linalotafutwa limebadilika, mashine za mwanzo zimekwenda kwa wauza vyuma chakavu, lakini kila mara tuliihamisha mistari yake, tukafunga mabano yake, tukaendelea. Vijana wanaotoka vyuoni hucheka wakiiona salamu. Baada ya wiki moja wanaitikia.

Mzee wa Wino alichora mpaka umri wake wa kustaafu ukafika wenyewe. Tulimuaga kwa pilau. Mkuu hakuja, maana yalikuwa mavuno ya zabibu na yeye alikuwa na shamba lake Makutupora, analolisimamia mwenyewe. Kwa hiyo nikaenda mimi kumpelekea habari.

Nilimkuta kati ya mizabibu, kofia ya ukindu kichwani, mkasi mkononi. Alikuwa amezeeka, lakini safu zake za mizabibu zilinyooka zaidi ya za jirani zake wote, na alinionyesha jambo hilo kabla hata hajaitikia shikamoo yangu.

"Mzee ameagwa vizuri?"

"Vizuri sana, Mkuu. Amelia, tumelia."

"Watoto wake?"

"Wamemaliza shule wote. Wa mwisho ni mwalimu."

Aliitikia kwa kichwa polepole, akaendelea kukata vishada na kuvilaza kikapuni. Nikamuuliza lile lililokuwa moyoni kwangu siku nyingi. Nilimuuliza kama alijua, wakati anaandika faili lile, kwamba litakuja kumtoa kazini.

"Wakati naliandika, hapana," akasema. "Lakini siku ile baada ya wageni kuondoka, mkurugenzi aliniita peke yangu. Akaniambia lazima mmoja atoke, na wamemchagua Mzee. Mtu mzima, hana Kiingereza, na bila faili lako ulimwona mwenyewe, mkono unatetemeka. Ndivyo alivyosema."

"Ukamjibuje?"

"Nikajisifu." Akacheka. "Mwanangu, nilijisifu siku ile kuliko siku zote za maisha yangu. Nikamwambia, Mkurugenzi, unakosea hesabu. Faili langu haliwezi kuchora kama Mzee, mkono wake haumo mle. Kinachoweza kufanywa na faili ni kazi yangu mimi. Linaamsha, linakagua, linasawazisha, wala halinuni. Ni zuri mno, limeniondolea kazi. Nafasi ya kufuta ni hii yangu. Nikampigia chapuo lile faili mpaka nikaona haya. Akaniamini."

Niliona machozi yananijia na sikuyazuia. Nilijivunia yule mama kuliko nilivyowahi kujivunia kitu chochote changu mwenyewe.

"Na Mzee anajua?"

"Ajue ili iweje? Awe anakwenda kazini ameinamisha kichwa?" Alikata kishada kingine, akakigeuza kwenye jua kukagua punje. "Mimi nilikuwa na zabibu. Yeye alikuwa na mkono tu."

Akanipa kikapu nikishike. Tukasogea kwenye mti uliofuata, naye akasimama ghafla, mkasi juu, akanitazama kwa macho yale yale ya dirishani.

"Lakini faili lilikuwa zuri, siyo?" akasema. "Hapo sikudanganya."